Siri Isiyokubali Njia ya Mkato: Madaftari ya Kamalondo

Miongoni mwa mafumbo yaliyozuka katika zama hizi za kompyuta liko moja ambalo watungaji wake hulionea fahari kama mhunzi anavyolionea fahari kufuli alilolifua kwa mkono wake. Mtungaji huunda hazinadata, ambayo kwa hakika si kitu ila madaftari kadhaa yaliyofungamana, akatia katika daftari la kwanza majina ya watu na nambari za nyumba zao, katika la pili maneno ya mashahidi, katika la tatu vyombo vya safari na wenye kuvimiliki, na katika la nne mapato ya kila mmoja. Kisha hutangaza kwamba mtu ameuawa katika mji huo wa kubuni, na kwamba muuaji yumo humo humo madaftarini, basi mwenye akili na amtafute. Mwaka 2019 Knight Lab ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilitoa fumbo la namna hiyo kwa jina la SQL Murder Mystery, lenye orodha ya watu zaidi ya 10,000, ili wanaojifunza lugha ya kuyahoji madaftari ya kompyuta wajifunze kwa hamu badala ya kusinzia.

Kazi hiyo ni njema na imewafaa wengi. Walakini kila aliyejaribu kutunga mfano wake amegundua kwamba adui wa fumbo si mjinga, bali ni mwerevu aliye mvivu. Mwerevu mvivu hasomi maneno ya mashahidi. Huipanga orodha nzima kwa tarehe akatazama jina lililojitenga na mengine. Au hutafuta daftari lenye mistari michache, akijua kwamba mtungaji hakulijaza kwa kuwa alikuwa na haraka ya kumfikia muuaji. Au, ikiwa fumbo limempa mahali pa kuandika jina na kuambiwa ndiyo au siyo, huiagiza mashine iyaandike majina yote moja baada ya jingine mpaka ile ndiyo itoke, naye akaenda zake bila ya kujua aliyeuawa alikuwa nani wala aliuawa kwa sababu gani.

Swali la namna ya kumzuia mtu huyu lina umri mkubwa kuliko kompyuta, na fungu zuri la tarikhi yake limepita katika njia za Kamalondo, komine iliyo ndogo kuliko zote katika mji wa Lubumbashi. Hapo walikutana karani wa serikali ya Kibelgiji, aliyetaka kila siri ya mtu ifunuke kwa kufungua kurasa za daftari moja, na watu waliotoka katika nchi ambako wazee walikuwa wamekwisha kujua, tangu zamani, jinsi ya kufanya daftari lisilofunguka kwa asiyestahili.

Kabla ya hao wazee yafaa kukitaja kitendawili, kwa kuwa ndicho ndugu mkubwa wa mafumbo yote katika lugha hii. Mtegaji hutega, wasikilizaji hubahatisha, na wakishindwa hudaiwa mji. Naye akishapewa mji hufanya madaha yake, akaeleza alivyosafiri na alivyopokewa, na mwisho ndipo atoapo jibu. Adhabu hiyo ya kutozwa mji ni hila nzuri, maana humfanya anayekata tamaa alipe kwa aibu mbele ya wenzake. Lakini kitendawili kina ila isiyo na dawa: kikishateguliwa mara moja kimekufa. Mtoto aliyelisikia jibu jana atalitoa leo bila ya kufikiri, na atapigiwa makofi na wale wale ambao wangemcheka kama angefikiri kwa muda mrefu. Jibu lake ni neno moja, na neno moja hubebeka mfukoni.

Waluba wa Katanga, ambao ufalme wao ulistawi kwa karne kadhaa katika nchi zilizo karibu na bonde la Upemba, waliiona ila hiyo wakaitafutia njia. Chama chao kilichoitwa Mbudye, ambacho kilikabidhiwa amana ya tarikhi ya wafalme, kilikuwa na chombo kiitwacho lukasa: ubao mdogo wa kushikika mkononi, uliokazwa kiuno katikati, ambao juu yake hupigiliwa shanga na kauri, au pengine hutiwa nakshi za kuchongwa tu, na nyuma yake hufanana na gamba la kobe, mnyama aliye nembo ya chama hicho. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia hugusa ushanga baada ya ushanga huku akisema au akiimba. Ushanga mkubwa uliozungukwa na vidogo waweza kuwa mfalme na watu wa baraza lake. Shanga zilizofuatana kwa mstari zaweza kuwa njia ya msafara. Kauri yaweza kuwa mahali palipotukuzwa. Waliopanda daraja za juu za Mbudye, baada ya mafunzo marefu, hao tu ndio waliopewa ruhusa ya kuusoma.

Kisa ambacho ubao huo hukibeba ni chenyewe kisa cha jinai. Nkongolo Mwamba, mfalme mkatili, alimwonea kijicho kijana Kalala Ilunga, mwana wa yule mwindaji mgeni Mbidi Kiluwe aliyekuja kutoka mashariki na kuleta adabu mpya za ufalme. Akamwalika acheze ngoma mbele yake, na mahali pa kuchezea akawa amechimbisha shimo, ndani yake akasimamisha mikuki, juu yake akatandika mkeka. Mpiga ngoma alikuwa upande wa kijana, akamwonya kwa mlio wa ngoma yake; Kalala Ilunga akautupa mkuki wake juu ya mkeka, mkeka ukatoboka, na njama ikawa dhahiri kwa watu wote.

Basi tazama werevu wa wale wazee. Kisa cha shimo na mkeka kila mtoto wa Kiluba alikisikia kwa bibi yake. Jina la mwovu halikuwa siri hata kidogo. Kilichofichwa hakikuwa jibu, bali yale yaliyofungamana na jibu: njia zilizopitwa, mahali patakatifu, chifu yupi alipokea mamlaka kwa nani, na kwa hiyo ni nani leo mwenye haki ya kuketi. Wataalamu walioichunguza lukasa, wakiwamo Thomas Reefe aliyeandika juu yake mwaka 1977 na Mary Nooter Roberts pamoja na Allen F. Roberts walioandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kiluba huko New York mwaka 1996, wameeleza kwamba usomaji wa ubao mmoja haufanani kwa wasomaji wawili, na kwamba hata msomaji mmoja hubadilisha maneno yake kwa kadiri ya hadhira na haja ya siku ile. Mtu aliyeliiba jibu la jana hakuiba kitu. Zaidi ya hayo, mbao kadhaa za namna hiyo zimechukuliwa zikawekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, zikiwa na shanga zake, na watazamaji wamepita mbele yake kwa miaka mingi bila ya kuambulia hata jina la mfalme mmoja. Sijui ithibati gani yaweza kupita hii, kwamba kuwa na data yote si sawa na kuwa na elimu.

Sasa twende Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zama za Wabelgiji. Mji huu uliasisiwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ya kutoka kusini ilipoufikia, chini ya usimamizi wa Emile Wangermée, na mwaka uliofuata tanuru la Union Minière du Haut-Katanga likaanza kuyeyusha shaba. Kampuni hiyo, iliyoundwa mwaka 1906, ilijaliwa madini kuliko watu wa kuyachimba. Kwa hiyo mwaka 1910 likaundwa shirika la kuandikisha vibarua, Bourse du Travail du Katanga, na watu wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, kutoka Kasai na Lomami, na baadaye hata kutoka Ruanda-Urundi. Mtaa wa Waafrika, ambao kwa fikira za watawala ulikuwa karibu mno na nyumba za Wazungu, ulihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ukapewa jina la mfalme Albert, na kati yake na mji wa Wazungu pakaachwa ukanda mtupu usiojengwa. Hapo ndipo Kamalondo ya leo. Mwaka 1932, kwa nguvu ya amri iliyotolewa mwaka uliotangulia, mtaa ukawa Centre extra-coutumier, makao ya watu waliohesabiwa kuwa wametoka nje ya himaya ya machifu wao. Na mwaka 1957, ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya miji, ukawa komine kamili kwa jina la Albert.

Watu waliotoka nje ya himaya ya machifu iliwapasa kuingia katika himaya ya karatasi. Aliyeacha kijiji chake alitakiwa awe na hati ya kuhama; aliyefika mjini alipewa buku, na ndani ya buku hilo likaandikwa jina lake, la baba yake, kijiji, chifu, kabila, mwajiri wake na ushuru alioulipa. Katika kambi za Union Minière daftari lilikazwa zaidi, hasa baada ya mwaka 1928, kampuni ilipoamua kumweka mfanyakazi na mkewe na wanawe kwa mkataba wa miaka mitatu badala ya kumchukua kwa miezi michache na kumrudisha kwao. Maana posho ilitolewa kwa idadi ya midomo, na kila mdomo ulikuwa na mahali pake katika kitabu. Kamalondo haikuwa kambi. Walikaa humo makarani, maboyi wa nyumba za Wazungu, mafundi cherehani, maseremala, wachuuzi, na watu ambao kazi yao haikuwa rahisi kuitaja. Mwenye nyumba alikuwa na lupango lake, yaani kiwanja chenye nyumba na ua, na ndani ya lupango akapangisha chumba kwa mgeni, mgeni naye akamkaribisha shemeji yake, na shemeji hakumwona karani hata siku moja.

Karani aliyebuni madaftari hayo alisadiki mambo manne: kwamba mtu ana jina moja, ana kijiji kimoja, ana mwajiri mmoja, na ikiwa ni mwanamume ana mke mmoja. Kamalondo ilimkanusha katika yote. Hata lugha yake ya kiserikali ilikiri udhaifu wake, kwani katika miji kadhaa ya Kongo ya Wabelgiji kulikuwa na kodi iliyotozwa wanawake wasio na waume, nao waliandikwa kwa maneno ya Kifaransa yaliyosema kwamba waishi peke yao kinadharia. Kinadharia! Sijapata kuona safu ya daftari iliyokiri kwa unyofu zaidi kwamba mwenye kuijaza haamini anachokijaza.

Lakini mwamba ambao daftari liliupandia ni majina. Miongoni mwa Waluba wa Kasai, ambao walifika Elisabethville kwa wingi, mapacha hawapewi majina kwa hiari ya wazazi. Wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga, wawe wa ukoo wowote, na kwa hiyo aliyetumwa kumtafuta Mbuyi mjini alitumwa kuwatafuta watu wengi. Ilunga, Kasongo, Ngoy na Mwamba ni majina ambayo huko Katanga mtu akiyaita sokoni hugeuka vichwa vingi. Juu ya jina la nyumbani misheni ikaongeza la ubatizo, na juu ya hilo bwana wa nyumba akaongeza lake aliloliona jepesi kutamka. Na karani, aliyekuwa Mwafrika mwenye masikio ya lugha yake, aliandika kadiri alivyosikia, huyu akatia Muamba pale mwenziwe alipotia Mwamba, huyu Tshibumba na yule Chibumba.

Kisha ikaja dhoruba ya majina yenyewe. Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire, na mwaka uliofuata Katanga ikawa Shaba, na kila raia akaamriwa alitupe jina la ubatizo na ajitafutie la mababu. Fikiri basi habari za mtu aliyezaliwa mwaka 1940 katika mtaa wa Albert, Elisabethville, jimbo la Katanga, Kongo ya Wabelgiji, akabatizwa Joseph. Mtu huyo mwaka 1975 ameandikwa kwa jina ambalo padri aliyembatiza asingelijua, mkazi wa Kamalondo, Lubumbashi, Shaba, Zaire, na katika muda wote huo hakuhama hata chumba. Mwaka 1997 Zaire ikarudi kuwa Kongo na Shaba ikarudi kuwa Katanga. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa mafungu manne, naye, kama angali hai, amekuwa mtu wa Haut-Katanga. Na pembeni yake wako waliohama kweli: Waluba wa Kasai waliokimbilia kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa mwaka 1961, wakati wa serikali ya Katanga iliyojitenga, na wale waliofukuzwa jimboni katika miaka ya 1992 na 1993, ambao majina yao yalibaki daftarini ilhali nyumba zao zilikwisha kuingia watu wengine.

Wazee wa mji waliupima wakati kwa mizani nyingine. Timu ya mpira iliyoanzishwa na mapadri Wabenediktini mwaka 1939, ambayo leo ni Tout Puissant Mazembe na ina uwanja wake hapo hapo Kamalondo tangu mwaka 2011, ilikuwa ikiitwa Englebert ilipotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Mtu akikuambia kwamba alinunua lupango zama za Englebert amekupa tarehe, tena pengine iliyo thabiti kuliko muhuri. Lakini mashine haiijui tarehe hiyo mpaka afike mtu mwenye kujua habari za mpira. Hapo ndipo mtungaji wa mafumbo apaswapo kutulia na kutazama kwa makini, kwa sababu amepewa bure kile anachokihangaikia: ufunguo usiofungua mlango mpaka uunganishwe na ufunguo mwingine uliowekwa katika nyumba nyingine.

Hata hivyo si kila siri ya mji huu yafaa kufanywa mchezo. Katika vita kuu ya pili, bei za vitu zilipopanda na mishahara ikabaki palepale, wafanyakazi Wazungu waligoma kwanza, na mwezi wa Desemba 1941 Waafrika wa Union Minière nao wakagoma. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa kampuni, gavana wa jimbo Amour Maron alifika na askari, na risasi zikapigwa. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pamoja na wengine wengi. Ni wangapi? Hesabu zilizoandikwa na zinazosimuliwa hazipatani, hizi zikitaja makumi na hizi zikipita mia. Anayejua tabia za madaftari huona sababu moja bila ya taabu: kitabu cha kampuni huhesabu nambari za kazi, na mke aliyemfuata mumewe uwanjani, au jirani aliyevutwa na kelele, hana nambari ya kazi. Kila daftari lilijibu swali lake lenyewe kwa uaminifu, na hakuna daftari lililoulizwa swali la watu. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na kwa hiyo hakuiona siku ile, aliwachora waliouawa katika tarikhi yake ya nchi, picha takriban mia moja alizomfanyia Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974. Naye alichora yaliyosimuliwa majumbani, ambayo ni daftari la namna nyingine.

Huyo Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, aliyeishi Lubumbashi na kuupenda mjadala wa watu wake, ndiye pia aliyetupa nakala bora ya maandishi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kufuli gumu kuliko yote yaliyotoka mjini humo. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa komine za Elisabethville, Kamalondo ikiwa mojawapo, alikusanya habari za mji wao tangu zama za Msiri, mtawala wa Katanga kabla ya Wabelgiji, na mfalme Leopold wa Ubelgiji, kupitia vita na kazi na mateso, hata kufikia uhuru. Habari hizo zikapigwa taipu, zikarudufiwa, zikapewa kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Waandishi wake ni watu waliopika, waliofua na waliofungua mlango. Maboyi waliingia mahali ambapo hakuna karani Mwafrika aliyeingia: chumba cha kulia cha bwana, wakati wa usiku, chupa zikiwa mezani na ndimi zimelegea. Walisikia mengi, na kwa kuwa walidhaniwa hawasikii, walisikia zaidi.

Lakini msomaji akiyachukua maandishi hayo na kuyapitisha macho upesi hataambulia kitu. Yamepigwa kwa Kiswahili cha Katanga bila ya kanuni ya tahajia; neno moja limekatwa vipande, maneno mawili yamegandishwa yakawa moja, vituo havijulikani, na sentensi huanza mahali ambapo jicho lilidhani iliyotangulia haijaisha. Mwenye kutafuta jina kwa kulilinganisha herufi kwa herufi hataliona, hata likiwa mbele yake. Fabian alipotaka kuyafahamu alimpata Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha ile, naye akayasoma kwa sauti; na mara maneno yaliyogandishwa yakaachana, yaliyokatwa yakaungana, na pumzi ya msomaji ikatia vituo ambavyo taipu haikuvitia. Kitabu chenye maandishi hayo pamoja na tafsiri na ufafanuzi, na maelezo ya lugha yaliyoandikwa na Walter Schicho, kilitoka mwaka 1990.

Sidhani Yav na wenzake walikusudia kuweka kufuli. Waliandika kama walivyosema, na msomaji waliyemfikiria ni mwenzao ambaye angesoma kwa sauti, wengine wakiwa wamemzunguka. Hata hivyo wametuachia somo ambalo mtungaji wa hazinadata aweza kulitumia kesho asubuhi: siri haihitaji kufichwa mbali ikiwa imewekwa katika umbo ambalo mwenye haraka hawezi kulisoma. Mashahidi wa kubuni katika mafumbo ya siku hizi husema maneno safi mno, kila mmoja akitaja nambari ya gari na saa ya tukio, na kwa hiyo mashine huwachambua kwa agizo moja. Shahidi wa Kamalondo angesema kwamba mtu yule alihamia pale baada ya ubingwa wa pili wa Englebert, na kwamba alikuwa akifanya kazi kwa Mzungu mwenye mbwa wawili, akaishia hapo, akidhani amekwisha kukuambia kila kitu, na kwa hakika amekwisha kukuambia.

Kama mwalimu yeyote wa kompyuta katika shule za Lubumbashi angenitaka ushauri, ningemwambia asitunge mauaji, kwani mji una maiti wa kutosha wasiojulikana idadi yao. Na atunge lupango. Daftari la kwanza, la mwaka 1957, limeandika katika lupango hilo jina la Joseph Mbuyi, boyi. Daftari la pili, la mwaka 1968, limeandika Mbuyi Joseph, fundi cherehani. La tatu, la mwaka 1975, limeandika Mbuyi peke yake pamoja na jina la babu, bila ya kazi, na saini yake haifanani na zile mbili za kwanza. Pembeni kuna daftari la kodi lenye mwanamke aishiye peke yake kinadharia katika lupango hilo hilo, daftari la ubatizo la misheni, orodha ya wachezaji wa timu ya mtaa, na maneno ya mashahidi wanne waliosema kwa mtindo niliousimulia. Swali ni nani mwenye haki ya nyumba leo.

Mwerevu mvivu atapanga majina, ataona Mbuyi mara tatu, ataandika kwamba ni mtu mmoja, na mashine isimwambie ndiyo wala siyo, bali imuulize kwa nini saini hazifanani. Atajaribu kusema ni watu watatu, nayo imuulize kwa nini basi mwanamke yule aliwalipia kodi wote. Jina linalohitajika halimo katika daftari hata moja la malupango, na hakuna agizo la kupanga wala kuchuja litakaloweza kulitoa mahali lisipokuwamo. Litatoka kwa mtoto wa darasani, na huenda akawa ndiye wa mwisho katika somo la kompyuta, ambaye nyumbani kwao wamezaliwa mapacha, na ambaye akiliona jina la Mbuyi limeandikwa peke yake atauliza kabla ya kugusa mashine: Kabanga yuko wapi?